Nusu Hatua Penye Nguzo

Nyevu Kahonzi alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akikanyagwa sokoni, yeye ndiye atakayesema samahani. Mteja akilalamika kwamba ukwaju umezidi kwenye viazi karai, ataombwa radhi, na wa pili akisema ukwaju umepungua, huyo naye ataombwa radhi vile vile. Ndivyo alivyokuwa tangu alipotoka kwao Ganze kuja kuolewa Malindi, na ndivyo alivyoendelea hata mume alipojiendea zake, akamwachia binti mmoja na kibanda cha viazi mtaani Barani. Basi ukiambiwa kwamba mwanamke huyo huyo, akiwa na miaka arubaini na mmoja, aliamka Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti kwenda kutahiniwa mkanda mweusi wa karate, utakuwa na haki ya kucheka. Cheka tu. Watu wa Barani walicheka miaka kumi na moja, mwisho wakachoka wenyewe.

Karate ilimkuta kibandani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala kuukuu la korosho, bati juu, saruji chini, na nguzo nene ya zege katikati iliyoshikilia paa lote. Korosho zilikwisha zamani. Mwenye ghala alilikopesha darasa la karate la Mwalimu Njenga, jioni tatu kwa wiki. Mwalimu Njenga alikuwa seremala kutoka Nyandarua aliyekuja Malindi kutengeneza milango ya hoteli moja, akakaa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo Kiswahili cha pwani kilikataa katakata kumwingia. Alipenda viazi. Jioni moja aliagiza sahani, Nyevu akaipeleka akiwa na karai kichwani, akasimama mlangoni kungoja mazoezi yaishe.

"Wewe mama ya viazi," mwalimu akamwita mbele ya watu wote. "Nani alikufundisha kusimama hivyo?"

"Samahani, mwalimu."

"Sijauliza samahani. Nimeuliza nani."

Nyevu alifikiri. Hakuna aliyemfundisha kusimama. "Labda ni maji," akasema. "Kwetu Ganze bwawa liko mbali. Mtungi ukiwa kichwani, ukisimama vibaya, unarudi tena bwawani."

Mwalimu Njenga aliwageukia wanafunzi wake, vijana wenye misuli na mbwembwe, akawaambia kwamba yeye amekuwa akipiga kelele miezi mitatu kuwaeleza jambo hilo hilo. Kisha akamwambia Nyevu aje kesho yake akiwa amevaa suruali. Mpaka leo Nyevu hawezi kukuambia kwa nini alikwenda. Anachojua ni kwamba anamshukuru Mungu kila siku kwa kuwa alikwenda.

Miezi sita ya kwanza alikuwa kichekesho. Katika karate, pigo likifika mwisho hutoka na ukelele kutoka tumboni, na ukelele wa Nyevu ulikuwa kama wa mtu anayebisha hodi kwa jirani mwenye mgonjwa. Siku ulipotoka sawasawa, fundi baiskeli aliyekuwa nje alidondosha spana. Yeye mwenyewe alishtuka, akaziba mdomo. Alitaka kuomba radhi, akamwona mwalimu anamkazia macho, akameza. Tangu siku hiyo kitu kilifunguka ndani yake. Mwenye nyumba aliyekuwa na mazoea ya kumshika kiuno akija kibandani aliambiwa maneno mawili tu, "Toa mkono," kwa sauti ya chini, na mkono ukatoka. Hakupigwa mtu. Hakuna aliyehitaji kupigwa.

Mashindanoni hakutamba sana. Darasa la ghala lilikuwa la watu wa mapambano, wale wa kurushiana ngumi na mateke kwa alama, na vijana wa Mwalimu Njenga walirudi na medali kila mwaka kutoka mashindano ya kaunti. Nyevu aliingia mara moja, katika kundi la wanawake waliopita miaka thelathini na mitano. Alipata shaba. Waliokuwamo katika kundi walikuwa watatu.

Lakini vijana wana tabia ya kukua. Wakifika mkanda wa kahawia, huyu anapata kazi Mombasa, yule Nairobi, mwingine anaoa, na ghala linabaki na watoto wapya na Nyevu. Ndiyo maana mwaka huu, Mwalimu Njenga alipotangaza kwamba anarudi kwao moja kwa moja mwisho wa Agosti, kwa kuwa mkewe anaugua na magoti yake mwenyewe yamekwisha, watu walimtazama Nyevu. Kanuni ya chama cha karate ilikuwa fupi: bila mwalimu mwenye mkanda mweusi, hakuna darasa. Mwenye ghala naye alikwisha sema kwamba darasa likifutwa kwenye orodha ya chama, ataweka saruji yake humo na kufunga mlango. Mtihani mwingine ulikuwa mwaka mzima mbele. Wanafunzi ishirini na sita, wengi wao wasichana ambao mama zao walikuwa wameanza kuwaleta kwa sababu walimwona mama wa viazi, wote walitegemea Jumamosi moja ya Nyevu.

Siku ya mtihani walifika Mnarani mapema, katika ukumbi wenye madirisha makubwa na sakafu iliyotandikwa mikeka ya mpira, myekundu na buluu. Mwalimu Njenga alivaa koti na tai, kama mtu anayekwenda kuposa. Shoga yake Nyevu, Everlyne, msusi wa nywele, alikuja kumshika mkono na, kama kawaida yake, kumchokoza.

"Ukiona umezidiwa, waulize kama wataka viazi," akamnong'oneza.

"Everlyne, niache. Mate yamenikauka."

"Ndiyo maana nakuambia uwaulize. Wewe ukitaja viazi roho hukurudi."

Watahini walikuwa watatu, wamekaa nyuma ya meza ndefu. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Damaris, mwanamke wa makamo kutoka Mombasa, mwembamba, sauti yake ya taratibu, na alikuwa na namna ya kukutazama miguuni kabla ya usoni. Wa pili alikuwa mzee mwenye masharubu. Wa tatu, kijana wa miwani, alishika kitabu cha kanuni na hakukiachia siku nzima.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ngumi, mateke na kinga, mbele na nyuma, mpaka jasho likafanya mikeka iteleze. Kwenye mapambano alipewa msichana wa Mtwapa aliyekuwa nusu ya umri wake na mara mbili ya kasi yake. Nyevu alipigwa teke la kifua lililomtoa pumzi, akajikaza, akasubiri, na msichana alipolirudia teke lile lile alilikuta tayari limefungiwa mlango na ngumi iko mbavuni. Masharubu yalitikisika. Mwalimu Njenga, aliyekaa ukutani pamoja na walimu wengine walioamriwa kunyamaza kimya, alitazama dari ili asionekane anatabasamu.

Baada ya chakula ikabaki kata. Kwa asiyejua, kata ni mapigo na kinga zilizopangwa tangu enzi za mababu wa kisiwa cha Okinawa, ambazo mtu huzifanya peke yake kana kwamba amezingirwa na maadui. Haiongezwi wala haipunguzwi. Anayeifanya leo Barani anatakiwa aifanye kama ilivyofanywa na watu waliokufa zamani mbali na hapa, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Kata ya mtihani ilikuwa Basai, ndefu na nzito, na mtu akiimaliza ni lazima nyayo zake zirudi pale pale zilipoanzia. Vijana wa ghala hawakuwahi kuipeleka mashindanoni, wao na ngumi zao. Nyevu ndiye aliyeipenda. Aliifanya asubuhi kabla ya kuwasha jiko, akaifanya mpaka mwili ukawa haumuulizi tena.

Akasimama. Akainama. Akataja jina la kata kwa sauti iliyogonga madirisha, akaanza.

Ilikuwa nzuri. Aliijua kuwa nzuri akiwa ndani yake, kama unavyojua mafuta yamefika moto bila kutia kidole. Akageuka, akapiga, akakinga, akapiga ukelele wa mwisho, akarudi, nyayo zake zikatua sawasawa kwenye mstari wa kuanzia. Hakuyumba. Everlyne alijisahau akapiga kofi moja, akakatazwa.

Watahini walinong'onezana. Mwalimu Damaris akasimama, akaja mbele ya meza.

"Unaitwa Nyevu, sivyo?"

"Naam, mwalimu."

"Kata yako ina nguvu, na pumzi yako iko mahali pake. Hongera. Ila nieleze kitu kimoja. Ulipofika hapa," akatembea mpaka katikati ya mikeka, "kabla ya ngumi mbili kwa pamoja, ulipiga nusu hatua kwenda kushoto. Na wakati wa kurudi ukapiga nusu hatua nyingine kwenda kulia. Hizo mbili ni za nini?"

Nyevu akafurahi, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. Hilo lilikuwa jambo lake mwenyewe. Alilifikiria miaka mingi, na hata watoto alikuwa akiwafundisha hivyo, kila Mwalimu Njenga alipokuwa nje na wazazi. "Ni kwa ajili ya teke la ubavuni, mwalimu," akasema. "Adui anakuja na teke kutoka kulia. Badala ya kulipokea, unampa nafasi lipite, na mbavu zake zinabaki wazi. Ndipo ngumi mbili zinapoingia. Ile ya kurudi ni kumfungia njia akitaka kuzunguka."

"Inaingia akilini," akasema mzee wa masharubu. Alikuwa ameinuka kidogo kitini. "Kusema kweli inaingia akilini sana."

Kijana wa miwani alifunua kurasa. "Haimo katika mtaala wetu."

"Haimo," akakubali Mwalimu Damaris. "Lakini ziko shule kongwe ambazo kata zao zinatofautiana na zetu, na hatuna ruhusa ya kuzidharau. Nyevu, sikiliza vizuri. Kama nusu hatua hizo ni utamaduni wa shule yenu, mlioupokea kwa walimu wa walimu wenu, tutaandika hivyo na kata yako imekamilika. Kama si utamaduni, basi ni kosa la njia, na kosa la njia linaangusha mtihani. Ni lipi kati ya hayo mawili?"

Kinywa cha Nyevu kilikwisha funguka kusema utamaduni. Angesema nini kingine? Akageuza macho tu kumtazama Mwalimu Njenga, ili wafurahi pamoja.

Mwalimu Njenga alikuwa ameweka viganja vyote viwili kichwani, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Alitazama pale katikati ya mikeka. Kisha macho yake yakapanda polepole, yakapanda, mpaka darini, kana kwamba pale mahali patupu pamesimama kitu kirefu. Nyevu aliyafuata macho yale, naye akakiona.

Nguzo. Nguzo ya zege ya ghala la korosho. Watu hawakuwa wakikwepa teke la adui yeyote. Walikuwa wakikwepa nguzo.

Akawaona watoto ishirini na sita aliowafundisha kumvunja mbavu adui ambaye hakuwahi kuwepo, na kwa nukta moja, katikati ya hofu, kicheko kilimpanda kooni akakirudisha. Halafu hofu yenyewe ikaja. Neno moja lilitosha. Mzee wa masharubu alikuwa upande wake. Angesema utamaduni, na Jumatatu ghala lingefunguliwa. Ni nani angejua? Yeye. Na Mwalimu Njenga, ambaye alikataa hata kubadilisha namna ya kufunga mkanda kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, angerudi Nyandarua akijua kwamba jina lake limeandikwa katika kitabu cha chama karibu na uongo. Mtu aliyempa sauti, halafu yeye aitumie sauti hiyo hiyo kwa hilo?

"Si utamaduni, mwalimu," akasema. "Ni nguzo."

"Ni nini?"

"Nguzo. Ya zege. Tunafanyia mazoezi ghalani, na ghala lina nguzo katikati. Tumekuwa tukiikwepa, mpaka tukasahau kwamba tunaikwepa. Hayo ya teke nimeyatunga mwenyewe. Niliyaamini, lakini nimeyatunga."

Kisha masharubu yakaanza kutetemeka, na mzee akainamia meza akicheka mpaka machozi, na ukumbi wote ukafuata. Mwalimu Damaris peke yake hakucheka, ingawa ilibidi aume mdomo. Kijana wa miwani aliuliza kama aandike kosa.

Ndipo Mwalimu Njenga akasimama ukutani. "Naomba ruhusa niongee," akasema. "Najua haikubaliwi. Lakini hiyo kosa si yake. Ni yangu."

Mwalimu Damaris akamtazama miguuni, akamtazama usoni, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu mama alikuja kwangu miaka kumi na moja imepita. Wiki ya pili, siku ya kwanza amewekwa kwa safu ya Basai, aligonga hiyo nguzo na bega. Aligonga vibaya. Na alafu, mbele ya watu, akaiambia nguzo samahani." Watu wakacheka tena, yeye hakucheka. "Vijana wangu walimcheka sana. Mimi nikaona macho yake. Nikajua huyu mtu harudi kesho. Na mimi nilikuwa nimengoja mtu anayesimama kama yeye miaka mingi. Sasa nikawaambia darasa yote, kuanzia leo, tukifika hapa kila mtu asonge nusu hatua. Wote. Hata wenye wako mbali na nguzo. Ndio huyu asione ni yeye peke yake anasongea. Nilisema ni ya muda tu, mpaka azoee. Kuzoea, alizoea. Mimi ndiye nilisahau kuirudisha. Magoti yakaharibika, nikawa nafundisha nimekaa, sikuifanya tena mwenyewe. Kama kuna wa kuangushwa, muandike Njenga."

Nyevu alisimama pale pale kwenye mstari wake. Bega alilikumbuka. Kucheka kwa vijana alikukumbuka. Jambo hilo lingine hakulijua hata siku moja. Kesho yake alipokwenda, na alikwenda akiwa tayari amekwisha panga maneno ya kuaga, aliwakuta watu kumi na wanane wanasonga nusu hatua kwa pamoja, akadhani ndivyo karate ilivyo, naye akasonga. Ndiyo siku ile aliyoamua kubaki. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumwomba mtu radhi kwa kulia.

Watahini wakanong'onezana kwa muda mrefu. Kijana wa miwani alisoma kitu kwa kidole. Hatimaye Mwalimu Damaris akasema, "Mtahiniwa anaruhusiwa kurudia kata mara moja tu. Akikosea tena, tumemaliza mpaka mwakani. Nyevu, umewahi kuifanya Basai iliyonyooka?"

"Sijawahi, mwalimu. Wala sikumbuki kuiona."

"Na mwalimu wako haruhusiwi kukufundisha siku ya mtihani. Si kwa neno wala kwa ishara." Akamgeukia mzee wa Nyandarua. "Lakini Mzee Njenga, umekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Magoti yako nayasikia yanalia mpaka hapa. Kanuni haisemi lolote juu ya mzee kunyoosha viungo vyake wakati watahini wanakunywa maji. Sisi tunakwenda kunywa maji."

Wote watatu wakageuza viti, wakaipa mikeka mgongo. Kijana wa miwani aligeuka wa mwisho.

Mwalimu Njenga alivua koti, akampa Everlyne. Akavua viatu na soksi. Akaingia mikekani na tai yake shingoni, akainama, akaifanya Basai. Hakuweza kushuka chini kama inavyotakiwa. Magoti yalimkatalia, na kwenye kugeuka alikunja uso. Lakini mikono yake ilikuwa ile ile ya seremala, kila kitu kilitua kilipotakiwa, na alipofika katikati hakusonga kushoto wala kulia. Alipita katikati. Everlyne, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alinyamaza na koti kifuani. Nyevu alitazama bila kupepesa. Miaka kumi na moja alimjua mwalimu wake kama sauti ya kutoka kwenye kiti, na sasa ndiyo kwanza anaona alikuwa nani kabla ya magoti. Alishukuru kwa kuona. Alishukuru hata kwa ile nusu hatua iliyomleta hapa kuona.

Watahini wakageuka. Nyevu akarudi kwenye mstari.

Alianza polepole kuliko mara ya kwanza. Mwili ulikuwa farasi aliyezoea njia ya nyumbani, na sasa mwenyewe anataka kumpitisha kwingine. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipokaribia katikati, bega lake la kulia lilijikunja lenyewe, likingoja zege. Kila kilichokuwa ndani yake kilisema songa. Akapeleka mguu mbele, moja kwa moja. Hapakuwa na kitu. Hewa tu, na ngumi zake mbili zikaenda mbele kuliko zilivyowahi kwenda, na ukelele uliomtoka hapo haukuwa umepangwa mahali pale, lakini hakuna aliyemlaumu.

Bado ya kurudi. Hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa kuwa ya kwanza ameikumbuka kwa woga, na ya pili mtu huisahau kwa furaha. Mguu wa kulia ulianza kuteleza. Ulikwisha teleza upana wa vidole viwili alipoukamata, akaukaza, akaurudisha ndani ya hatua bila kuivunja. Akageuka, akakinga, akakinga tena. Akafunga miguu.

Mwalimu Damaris alikuja mpaka mbele yake, akainama, akatazama vidole vya miguu vilivyogusa mstari. Akaendelea kutazama mpaka Everlyne akaanza kuguna.

"Umerudi ulipoanzia," akasema. "Mkanda ni wako. Na darasa ni lako. Naomba tu Jumatatu uwaambie watoto wa watu kuhusu hilo teke."

Sitakueleza kelele alizopiga Everlyne. Msichana wa Mtwapa alikuja kumkumbatia, mzee wa masharubu akaomba aelezwe lile teke mara moja zaidi, kwa kuwa yeye, alisema, atalitumia vivyo hivyo, nguzo au si nguzo. Nyevu aliwashukuru wote. Kisha akaenda ukutani, ambako Mwalimu Njenga alikuwa anahangaika na soksi, mkono haufiki mguuni. Akapiga goti, akamvisha.

"Nisamehe, Nyevu," akasema mzee. "Miaka kumi na moja nimekufundisha vibaya."

"Usiniombe radhi, mwalimu. Hilo neno nimelimaliza mimi, halijabaki la kukupa." Akamfunga kamba za kiatu. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Maisha yangu yote nilidhani mimi ndiye niliyeumbwa kuwapisha watu. Nimempisha mume, nimewapisha wakwe, nimepisha kila mtu anayepita Barani. Kumbe jioni tatu kila wiki, darasa zima lilikuwa likinipisha mimi, na sikuambiwa nisije nikaona haya. Ahsante. Sina jingine. Ahsante sana, baba yangu."

Mwalimu Njenga hakuwa mtu wa kupenda shukrani. Ghalani alizikataza, alisema zinapoteza muda. Aliitengeneza tai yake, akaiharibu, akaitengeneza tena. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Sasa Jumatatu utawanyoosha?" akauliza mwishowe.

"Nitawanyoosha wote."

"Na akija mgeni, agonge nguzo, mumwone anataka kutoroka?"

Nyevu akafikiri, akiwa bado amepiga goti. "Tutasonga nusu hatua, darasa zima," akasema. "Mpaka azoee. Halafu nitakumbuka kuirudisha."

"Hapo kwa kukumbuka," akasema Mwalimu Njenga, akimpa mkono amwinue, "ndipo utakuwa umenishinda." Wakainuka pamoja, magoti ya mzee yakilia, wakaenda kumtafuta Everlyne aliyekuwa amekwisha mwambia kila mtu ukumbini kwamba Jumatatu viazi ni vya bure.